Risasi Ndani ya Pembe

"Mama yangu aliyezikwa Butembo na afufuke anizabe kofi kama kuna neno moja la uongo!" Muzee Sikuli aliapa, kidole juu, kabla ya kukitoa ukutani kisu cha kumi na moja.

Vile kumi vya kwanza vilikuwa na mipini ya kupendeza: mzizi wa mkahawa uliong'arishwa kwa nta, mzeituni wenye mishipa kama mkono wa ajuza, mfupa wa ng'ombe uliogeuka rangi ya siagi. Vyote vilifuliwa kwa mkono, na tangu aache udereva wa lori, kila kimoja alikuwa amekizulia kisa chake. Lakini cha kumi na moja, chenye mpini wa pembe nyeusi iliyopitiwa na wimbi jeupe, ndicho kilichomjazia watu uani, pale mtaani Mabanga, mjini Goma, kila Jumapili baada ya misa.

"Nyati wa Rumangabo," alisema. "Askari alimpiga risasi, ikakwama kwenye pembe. Nyati akanigeukia mimi. Nikaikamata ile pembe, nikaisokota, ikabaki mkononi. Sikilizeni!" Akatikisa kisu. Ndani ya mpini kitu kidogo kikagonga, ko-ko-ko. "Risasi yenyewe hiyo!"

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja aliyesimama nyuma hakupiga.

"Tikisa tena."

Sikuli akatikisa, meno yote nje.

"Hiyo si risasi. Ni jino langu."

Achille, fundi wa kuchomelea vyuma na jirani wa ukuta kwa ukuta, akaangua kicheko. "Mama, ulikuwa unamuuma nyati?"

"Mimi ni Philomène, binti ya Jean-Bosco mfua vyuma. Wengine jino la mtoto liking'oka wanalitupa juu ya paa. Baba yangu langu alilitia ndani ya mpini, akaziba kwa kizibo cha mti. Pembe hiyo ni ya ng'ombe wetu, Bihogo." Akamsogelea Sikuli. "Na wewe, muzee, mwaka ule wa 2008, vita vikitufukuza, ulisema nauli yangu na ya mama yangu mpaka Goma ni kisu hicho. Risasi zilipolia Kibumba ukatushusha, ukakimbia nacho. Mama alitembea na miguu imevimba. Hakumaliza mwaka."

Sikuli alikumbuka. Uso hapana, alikumbuka kitambaa cha njano kilichofungwa kwenye miguu ya yule mama mzee. Lakini macho ya ua mzima yalikuwa juu yake, na uzeeni hakuwa na kitu kingine ila ukuta ule na masikio yale.

"Wakimbizi!" akatema. "Kila kitu kizuri Goma kilikuwa chenu!"

"Fungua basi."

"Ikitoka risasi, utapiga magoti hapa hapa uniombe msamaha."

"Likitoka jino?"

"Beba kisu, na unitoze chochote utakacho!" Alikuwa ameisimulia ile risasi miaka mingi hata naye akaanza kuiamini.

Achille akakibandua kizibo kwa msumari, akaupindua mpini juu ya kiganja cha Sikuli.

Jino. Dogo, la njano, kama punje ya mahindi.

"Tega shavu, muzee," Achille akasema. "Mama yako yuko njiani anatoka Butembo."

Philomène akalirudisha jino mahali pake, akachomeka kisu kiunoni. "Sasa safari yangu niliyoilipia. Kibumba mpaka Goma. Nina magunia mawili ya kabichi shambani. Kesho."

"Sina lori tena, mama."

"Achille ana chukudu."

Kesho yake, barabara ya Rutshuru ilimwona muzee wa miaka sabini akisukuma ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli. Kwenye vilima alitweta kama mvukuto. Kwenye miteremko aliburuza kiatu kuizuia, mpaka soli ikaisha. Philomène alimfuata hatua tatu nyuma.

"Muzee Sikuli!" mtu mmoja akaita kutoka ukingoni mwa barabara. "Umebeba nini leo?"

Sikuli akafungua mdomo. Akageuka, akauona ule mpini mweusi kiunoni mwa Philomène.

"Kabichi," akasema.