Diari ya Wifi

Shuka za hoteli zililetwa zikiwa bado na unyevu, na mpiga pasi alikuwa amekwisha kunyoosha nusu ya rundo kabla bosi hajafungua dirisha la kupokelea nguo. Alilaza shuka, akapitisha pasi, akakunja, akavuta nyingine. Mvuke ulimpanda usoni. Mwenye duka la udobi alisimama mlangoni na kijiti cha meno mdomoni, akimtazama.

"Unakimbizwa?"

"Nataka kutoka mchana, bosi. Jioni narudi kumalizia."

"Na ile hela uliyoomba nikutangulizie?"

"Bado naihitaji."

Bosi akaanza wimbo wake. Sabuni imepanda, umeme umepanda, hoteli nao wanataka wapunguziwe bei. Alipomaliza kulalamika akasema, "Nikikupa leo, Jumapili zote za mwezi huu unakuja."

"Bila malipo?"

"Malipo si ndiyo nakupa sasa?"

Zilikuwa pesa zake mwenyewe, za siku alizokwisha kufanya kazi. Alijua hivyo, na bosi alijua kwamba anajua. Mpiga pasi akageuza shuka upande wa pili.

"Nitakuja," alisema.

Alikuwa ametafuta njia nyingine wiki nzima na hakuipata, na leo ndiyo siku wifi yake alikuwa anarudi kazini.

Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe. Mume alipofariki, ndugu zake walikuja kubeba kabati, televisheni, hata pazia. Dada yao alikuja siku hiyo hiyo na begi lake, akaliweka sakafuni pale palipokuwa na kabati, akasema amehamia. Tangu hapo walipanga vyumba viwili pamoja, wakagombana juu ya chumvi na juu ya nani alale upande wa dirisha, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake aondoke.

Mwaka uliopita wifi aliugua homa ya uti wa mgongo. Alitoka hospitali akiwa mzima wa kutembea, kupika na kutania watu, ila lililosemwa sasa hivi halikukaa kichwani. Ya zamani aliyakumbuka yote, mpaka rangi ya sketi aliyovaa siku ya kwanza ya shule. Lakini ukimwambia achemshe maji, angefika jikoni akasimama, ameshika sufuria, akiitazama kama mgeni.

Alifanya kazi ya kufunga mizigo kwenye bohari ya dawa. Nyapara alipita akitoa maagizo kwa mdomo: boksi hizi saa kumi mlango wa pili, zile saa kumi na moja kwenye jokofu kubwa. Wifi alikuwa na maonyo mawili tayari, na la pili lilimpeleka nyumbani mwezi mzima bila mshahara. La tatu lingekuwa kwaheri. Alijaribu kuandika kwenye kiganja, jasho la glavu likafuta. Akajaribu karatasi, akasahau kwamba ana karatasi mfukoni. Alihitaji kitu cha kumwita saa ikifika. Simu ingetosha, lakini simu ziliachwa getini.

Basi siku moja pale udobini koti la mteja lililia likiwa mezani. Mpiga pasi alipapasa mfukoni akatoa kitu cha ukubwa wa pakiti ya sigara, chenye skrini ya kijivu na vitufe vya herufi. Kwenye skrini kulikuwa na maneno mawili: DAKTARI, MENO. Mteja alipokuja kuchukua koti lake alimweleza: ni diari ya elektroniki, si simu, haipigi picha, haipigiwi, inakumbuka tu na kukukumbusha. Mpiga pasi hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi akaomba hela kwa bosi.

Mchana aliingia kwanza kwenye duka kubwa la vioo. Muuzaji alikuwa mwanamke mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi ya zambarau.

"Diari ya elektroniki? Dada yangu, nani ananunua hizo siku hizi? Chukua simu. Ina diari, ina tochi, ina kila kitu."

"Simu haitakiwi anakofanya kazi."

Muuzaji akainama chini ya meza, akainuka na kifaa cha plastiki ya waridi chenye picha ya bata. Akabonyeza, bata akalia. "Hii inaweka saa na majina. Bei yake poa."

Bei ilikuwa poa kweli. Angebakiwa na hela ya unga na mafuta. Mpiga pasi alikigeuza mkononi, akamfikiria wifi yake, mwanamke wa miaka hamsini, akitoa bata mfukoni mbele ya nyapara. Wangemcheka hadi zamu iishe. Naye wifi asingesema neno. Angekiacha nyumbani kesho yake na kusema amekisahau, na nani angembishia?

"Ni cha mtoto hiki," alisema.

"Ni cha kumpa nani?"

"Mtu mzima." Akakirudisha.

Maduka mawili mengine walimcheka kwa adabu. Kwenye la tatu walimwelekeza kwa fundi saa aliyekuwa na meza chini ya ngazi za jengo la ofisi. Fundi alivua kioo chake cha jicho moja, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta boksi lililojaa rimoti, vikokotozi na redio zilizokufa. Ndani yake alitoa diari mbili, zote zimetumika.

"Hii rahisi. Hii ghali kidogo."

"Tofauti yake nini?"

"Rahisi inalia vizuri tu. Lakini betri ikiisha, kila ulichoandika kinafutika. Nyingine ina kibetri cha pembeni, kinashikilia kumbukumbu wakati unabadilisha."

Mpiga pasi aliitazama ile rahisi. Ilikuwa safi, haina mkwaruzo. Ile ghali ilikuwa na ufa kwenye kona, na herufi M imefifia.

"Wa kusahau tunaye nyumbani tayari," alisema. "Hiyo nyingine bei gani?"

Fundi alitaja. Alishuka mara moja, akashuka mara ya pili, kisha akagoma. Betri zenyewe, alisema, zinapanda kila akienda kuzichukua, na yeye hapo chini ya ngazi analipia meza kama vile amepangishwa chumba. Hakuwa mtu wa kudanganya, uso ulionyesha. Mpiga pasi alifungua kiganja akatazama hela zake, akakifunga tena. Zilipungua.

Akainua macho, yakatua kwenye shati la fundi. Kola ilijikunja kama jani lililokauka.

"Hilo shati nani anakupigia pasi?"

Fundi alijitazama kifuani. "Najipigia mwenyewe."

"Inaonekana."

Fundi alicheka bila kutaka.

"Niletee mashati yako udobini," mpiga pasi alisema, "pale nyuma ya benki. Mwezi mzima nakunyooshea, wakati wa chakula, bosi haoni. Hicho kilichopungua ndiyo kazi yangu."

"Na ukinikimbia?"

"Nikukimbie niende wapi? Nina Jumapili nne za kufanya bure."

Fundi alifikiri huku akisugua kioo chake kwa kitambaa. Mwishowe akaweka betri mpya, akamwonyesha jinsi ya kuandika, jinsi ya kuweka kengele, jinsi ya kuifanya itetemeke bila sauti. Alimrudisha mwanzo kila alipokosea. Hakutafuta mfuko; aliifunga kwa ukurasa wa gazeti, akakunja pembe vizuri kama mtu anayejua kwamba ni zawadi.

Wifi alikuwa kwenye benchi nje ya uzio wa bohari, na sare yake ya bluu, akisubiri zamu ya mchana ifunguliwe. Alimwona mpiga pasi anakuja kwa mwendo wa haraka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuletea kitu."

Wifi alifungua gazeti polepole. Akakitazama kifaa, akamtazama mwenzake, na uso ukaanza kukunjamana.

"Umeninunulia dawa."

"Nimekununulia zawadi."

"Ya nini?"

"Ya kunichosha miaka yote hii."

"Nani amekwambia mimi nasahau?"

"Wewe mwenyewe. Mara tatu, asubuhi hii."

Wifi alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. Akabonyeza kitufe, skrini ikawaka. Mpiga pasi akamweleza kama alivyoelezwa na fundi, na alipokosea wakacheka wote. Nyapara akitoa agizo, andika palepale, weka saa. Muda ukifika kitatetemeka mfukoni. Wifi aliandika neno la majaribio, akaweka dakika moja mbele, akakitia kwenye mfuko wa sare. Wakangoja. Kilipotetemeka alishtuka, akaweka mkono juu yake, akauacha pale.

"Umekula leo?" aliuliza.

"Nitakula jioni."

"Hela umetoa wapi?"

"Ingia kazini, wifi. Geti linafunguliwa."

Getini alikaa mlinzi mkuu, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Karatasi kwa sababu kila ulichomwomba alikutaka ulete barua. Foleni ilienda vizuri mpaka zamu ya wifi. Bwana Karatasi alimpekua, akakitoa kifaa, akakiinua juu.

"Hiki nini?"

"Diari yangu."

"Kifaa cha elektroniki hakiingii."

"Tangazo hilo hapo ukutani linasema simu na kamera. Hii si simu wala kamera."

"Tangazo halijasema diari inaruhusiwa."

"Hata viatu halijasema," mtu mmoja nyuma alidakia, na foleni ikacheka.

Bwana Karatasi hakucheka. "Lete barua ya ofisi. Na ofisi watataka barua ya daktari, inayoeleza kwa nini unakihitaji."

Kicheko kikakoma. Wote walijua barua ya daktari ilifanya nini mahali pale. Mbeba mizigo mwenye mgongo mbovu aliipeleka, akaambiwa apumzike mpaka aitwe, na hadi leo hajaitwa. Mama aliyekuwa na kifua aliipeleka. Kiti chake alikikalia mtu mwingine wiki iliyofuata.

Mpiga pasi, aliyekuwa bado upande wa nje, alisogea na kushika nondo za geti. Maneno ya kubembeleza yalikuwa yamekwisha kujipanga mdomoni: baba, tuhurumie. Wifi alimwahi.

"Sina barua," alisema kwa sauti ya kawaida. "Na zamu yangu inaanza. Chukua kitabu chako, andika kwamba umenizuia, kitu gani, na kwa sababu gani. Halafu weka jina lako na sahihi."

"Niandike?"

"Andika. Nyapara akiniuliza kwa nini nimechelewa, nimwonyeshe."

Bwana Karatasi alitazama kitabu kilichokuwa mbele yake, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alitazama foleni, iliyokuwa imefika barabarani. Lori la mizigo lilipiga honi. Hakuna aliyewahi kumwona akiweka jina lake chini ya jambo lolote. Kazi yake ilikuwa kudai majina ya wengine.

"Leo tu," alisema, akikisukuma kifaa mezani. "Kesho bila barua huingii nacho."

Wifi alikichukua. Alivuka geti, kisha akasimama hatua chache ndani, karibu na uzio, akainamisha kichwa juu ya vile vitufe. Wenzake walimpita pande zote mbili. Mpiga pasi alimfuata kwa upande wa nje mpaka wakawa wanatenganishwa na waya tu.

"Wifi, utachelewa. Unaandika nini?"

"Nisipoandika, kesho nitafika hapa nimsalimie kama rafiki yangu." Alitafuta M iliyofifia, akaibonyeza kwa ncha ya ukucha. Alipomaliza akaigeuza skrini upande wa waya ili mwenzake asome.

GETINI. HUNA BARUA. MWAMBIE AANDIKE YEYE.

"Nimeweka kengele ya kila siku," wifi alisema. "Sio kesho peke yake."

Akakitia mfukoni, akaenda kuvaa glavu. Mpiga pasi alingoja mpaka sare ya bluu ilipopotea kati ya sare nyingine, kisha akageuka kurudi udobini, ambako shuka za hoteli zilizobaki zilikuwa bado zinamsubiri.