Fundi Bomba Aliyeota Shayiri

Fundi bomba aliingia duka la kwanza akiwa bado na spana mfukoni na maji ya sinki za watu kwenye viatu. Alitaka bia isiyo na gluteni, ule unato wa ngano na shayiri ambao daktari alimkataza. Hakuwa na kiu. Kaka yake mkubwa alikuwa anakufa, na tangu ujana hakuwahi kunywa peke yake. Aliomba wanywe pamoja mara moja tu, kisha ajiendee.

"Ninayo bila pombe," alisema mama wa dukani.

"Pombe hainisumbui, dada. Nataka bila shayiri."

"Bila ni bila, mzee. Ukishafukuza mmoja, wenzake hutoka kwa aibu."

Duka la pili walimwonyesha juisi. La tatu lilikuwa la Bila Shaka, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na jibu lingine.

"Ipo isiyo na gluteni?"

"Bila shaka."

Akaingia stoo, akakawia, akatoka na chupa mbili zenye lebo mpya: HAINA GLUTENI. Gundi ilimnata fundi kidoleni. Akalipa hivyo hivyo. Mtafutaji akichoka huokota chochote.

Kaka alikuwa ameegemezwa mito. "Umechelewa. Nilikuwa niende mchana, nikasema acha nimsubiri mpumbavu wangu."

Fundi akamimina, akatangulia kuonja. Funda la kwanza lilishuka vizuri. La pili lilipofika tumboni, mizizi ikamkaba utumbo, na shayiri ikamwota shingoni, ikapenya kola, ikatoa masuke. Kaka akanyoosha mkono, akachuma suke moja, akatafuna.

"Shayiri hii. Tena imekomaa."

"Wewe kunywa tu, kaka."

"Ninywe nawe unaota? Mama nitamwambia nini huko?"

Akairudisha glasi mezani. Alikufa jioni ileile, povu likiwa limeshatulia.

Kesho yake fundi alirudi dukani, masuke yakimpapasa masikio.

"Ile bia yako, Bila Shaka. Nimeota."

"Ndoto njema?"

"Nimeota shayiri."

"Basi neema hiyo, riziki iko njiani." Bila Shaka akachukua mkasi, akamkata masuke yaliyokuwa yanaziba rafu, akayatia kwenye gunia na kuliweka mlangoni, lisubiri gari la kiwanda cha bia.

Mazikoni alileta rambirambi yake: kreti nzima, lebo zimenyooka. Waombolezaji wakanywa. Hakuna aliyeota.

"Si unaona, fundi?" alimnong'oneza. "Haina kitu."

Fundi bomba akajikuna shingo, pale palipoanza kuchipua upya. Akaomba glasi ya maji, akainywa yote.

Maji yaliifaa sana shayiri.