Tupokigwe Mwishoni mwa Msafara

Umewahi kumwona mwanamke mzima, mke wa mtu, akijitosa kwenye magugu ili asikutane na mzee anayemheshimu kuliko wote? Tupokigwe wa Kawetele amefanya hivyo miaka tisa. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye wala hapiti alipo.

Mwaka huu mila hiyo ilimkaba. Mama mkwe alifariki, na mzee Anyelwisye akabaki peke yake kijijini Masukulu, anajipikia ndizi zake. Mara tatu Ambakisye, mume wa Tupokigwe, alimwomba baba yake ahamie kwao. Jibu lilikuwa lile lile: "Nikija, mke wako atajificha wapi? Siwezi kumfukuza mtu jikoni kwake." Neno la kumleta mzee lilikuwa kinywani mwa Tupokigwe, na hicho ndicho kinywa kilichofungwa.

Jumamosi moja familia za jirani zilitoka kutembea bonde la juu, chini ya Mlima Rungwe. Njia ni laini, hata mtoto wa chekechea anaimudu. Ambakisye alikuwa zamu kwenye kiwanda cha chai. Mzee, aliyealikwa kutoka Masukulu, akaongoza, maana njia anaijua. Tupokigwe akabaki nyuma kabisa na kikapu chake cha magimbi ya kuchemsha. Kwa mbali aliona kofia ya pama ya mzee tu, inasimama kila kijito ili watoto wavushwe mmoja mmoja.

"Babu, huchoki?" aliuliza Sabrina, mtoto wa jirani.

"Nitachokaje, na kelele zenu zinanisukuma!"

Ukungu ukapanda. Loo! Bonde lote likafunguka: nyasi zimelowa umande, maua ya manjano madogo kama vifungo vya shati, miti imeota ndevu za kijani, maji yanameta huku na huku. Tupokigwe alitazama mpaka akasahau uzito wa kikapu.

Wakati wa kurudi, Muddy, kijana wa duka la simu mjini aliyeandaa matembezi, akapaza sauti: "Jamani, tunageuka! Mzee, pita uje mbele tena utuongoze! Wengine simameni pembeni!"

"Wewe Muddy, umetuua!" Bibi Elina, jirani yao, akashika kichwa. "Tukigeuka, huku mbele yupo mke wa mwanawe!"

Mzee alikuwa ameshafika. Upande mmoja ukingo wa miiba, upande wa pili kijito. Tupokigwe alijifunika kanga usoni, akainua mguu aruke majini. Mzee akamuwahi. Na miaka yake sabini na sita, aliingia majini na viatu vyake, akaipa njia mgongo, akashusha kofia.

"Sabrina, mwambie huyo mama mwenye kikapu apite," alisema. "Mimi maji hayanidhuru."

Hata Muddy alivua kofia yake.

Tupokigwe hakupita. Maji ya mlimani yale, baridi ya kukata mfupa, yalimfika mzee karibu na magoti, naye hata hakutikisika. Tupokigwe aliutazama mgongo ule, umenyooka kama wa kijana, na koti limelowa pindoni. Akatua kikapu.

"Tata, baba yangu," alisema, "toka kwenye maji. Uhamie kwetu. Anayekutaka nyumbani ni mimi, siyo Ambakisye peke yake."