Gari la Mwalimu Evaristo Lashuka Kusini

Mwalimu Evaristo Cota alifundisha jiografia mjini Ensenada kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwake bila kuweza kuichora rasi yao kutoka kichwani, kila ghuba na kila kisiwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka San Quintín, mwendo wa saa tatu tu kutoka nyumbani, na hata huko alikwenda mazikoni.

Alipostaafu alimtangazia mkewe, Obdulia, kwamba wangeishuka rasi yote kwa gari lao, mpaka ncha ya kusini ambako barabara inaishiwa na nchi. Obdulia alifurahi mno, akapiga pasi gauni la safari siku ileile. Hayo yalitokea miaka mitatu nyuma. Gauni lilikuwa bado kwenye kiango, limenyooka kama siku ile, ila mwenyewe ndiye aliyeanza kunenepa.

Usidhani Mwalimu alikuwa amelala. Alikuwa akipanga. Ramani ilitandazwa juu ya meza ya chakula, na kwa kuwa ramani ilikuwa na haki zake, watu walikula sahani zikiwa magotini, mchuzi usije ukaidondokea Bahari ya Cortés. Mpango wenyewe ulifika nakala ya tisa. Nakala ya nane ilikwama miezi mitano kwa sababu ya saa moja: ukivuka kuingia nusu ya kusini, saa inasogezwa mbele, na Mwalimu hakuweza kuamua saa hiyo iliyopotea ikatwe kwenye usingizi au kwenye chakula cha mchana.

"Ikate kwenye mipango," Obdulia alimshauri. "Huko zimejaa."

Kila Alhamisi alikuja jirani yao, don Nicanor, mshauri mkuu wa safari. Nicanor aliwahi kufika Guerrero Negro mara moja, mwaka 1989, akarudi na mafua na hekima.

"Tairi za akiba tatu, Mwalimu," alisema huku akijimiminia kahawa ya wenyewe. "Na madumu sita ya petroli. Halafu kuna Mteremko wa Jehanamu, kule karibu na Santa Rosalía. Breki zinafuka moshi, watu wanasali kwa sauti."

"Wewe uliushuka lini?" aliuliza Obdulia kutoka jikoni.

"Sikuushuka, dada. Nilisimuliwa na mtu aliyeushuka."

"Naye alikufa?"

"Hapana. Ana duka la viatu."

"Masikini," alisema Obdulia. "Ongezeni na ngamia wawili kwenye orodha, basi. Huwezi kujua."

Mwalimu aliandika jambo kwenye daftari, pua ikikaribia kugusa karatasi. Obdulia alitumaini kwamba hakuwa ameandika ngamia.

Jumanne moja ya mwezi Mei simu ililia. Alikuwa Prisca, mdogo wake Obdulia, mjane wa miaka sitini na miwili aliyeishi Mulegé, kusini kabisa mwa jangwa. Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya mama yao.

"Dada, basi mnakuja au hamji?" aliuliza Prisca. "Jumamosi naolewa."

Obdulia aliketi. "Unaolewa na nani?"

"Na Librado, yule wa shamba la mitende."

"Si yule uliyesema anakuibia tende?"

"Hakuwa anaiba. Alikuwa anatafuta sababu ya kukamatwa."

"Na mimi ndugu yako naambiwa siku nne kabla!"

"We! Nilimwambia mumeo tangu Pasaka. Akasema mnakuja Oktoba. Nikamuuliza Oktoba ya mwaka gani, simu ikakatika."

Obdulia aliweka simu chini polepole, akaenda hadi mezani. Mwalimu alikuwa ameinama juu ya ramani na lenzi yake, na kwa jinsi mabega yake yalivyosinyaa, kila neno alikuwa amelisikia.

"Kesho kutwa alfajiri tunaondoka," alisema Obdulia.

"Haiwezekani, mke wangu. Sehemu ya jangwa haijakamilika. Halafu kuna upepo wa..."

"Basi napanda basi. Wewe baki na upepo."

Mwalimu aliiacha lenzi juu ya ramani. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akasema kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, "Sioni, Obdulia."

"Huoni nini?"

"Barabara. Wala wewe hapo, ni kivuli tu chenye hasira. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilidhani nikivuta muda kidogo, labda..."

"Daktari alisema lini?"

"Mwaka juzi. Februari."

Ndipo mambo yakajipanga kichwani mwa Obdulia: nguzo ya lango iliyogongwa mara mbili na kusingiziwa paka, asali aliyokuwa akijidondoshea machoni, gari linaloishia kanisani na kurudi. Alitaka kucheka, akatamani kulia, akaamua kukasirika, maana hilo alilizoea zaidi.

"Miaka miwili nakula sahani magotini!"

"Niliogopa utaniona mzee."

"Evaristo, nimekuona mzee tangu ulipoanza kuvaa soksi na ndara. Na mbona nipo?"

Mwalimu alivaa miwani yake. "Sasa nani ataendesha?"

"Kabla hujanioa, nani alikuwa akiendesha gari la kiwanda cha samaki? Askofu?"

"Lile lilikuwa lori."

"Ndiyo, na hili lako ni dogo. Nitajibana."

Alhamisi alfajiri Nicanor alikuja na kanzu yake ya kulalia, akang'ang'ania dirisha la gari. "Mnakwenda na tairi moja ya akiba? Moja?"

"Hizo mbili zilizobaki tutumie kwa posta," alisema Obdulia, akaingiza gia. Gari liliruka kama mbuzi, likazima. Liliruka tena, likazima. Mara ya tatu likaondoka, na Nicanor akapiga ishara ya msalaba.

Kwa kweli Obdulia hakuwa ameshika usukani tangu aolewe. Miaka thelathini na tano si mchezo. Lakini walipoipita San Quintín na nchi kuanza kukauka, Mwalimu aliikunja ramani, akaiweka chini ya kiti, akaanza kusema.

"Baada ya El Rosario tunapanda. Kona ya kushoto, kali. Halafu bonde kavu upande wako."

Kona ikaja, kushoto, kali. Bonde likafuata. Obdulia alimjaribu kwa makusudi: "Na hapa?" "Mawe makubwa yataanza, na miti kama karoti zilizopandwa kichwa chini." Miti ikatokea, imesimama katikati ya mawe, ya kuchekesha. Mume wake alikuwa ameibeba njia nzima kifuani, hakukosa hata daraja.

Alikosa kituo cha mafuta. Mahali kilipopaswa kuwa palikuwa na pampu mbili zenye kutu na mbwa.

"Kwenye nakala ya tisa kipo," alilalamika Mwalimu.

"Basi kajaze kwenye nakala ya tisa."

Hatua chache mbele walimkuta mzee akiuza petroli kutoka kwenye mapipa, chini ya kivuli cha turubai. Alijaza kwa dumu na mpira, kisha akawagawia tortilla, chapati za mahindi zenye maharage, alizopika mkewe. Usiku walilala Guerrero Negro. Saa ilisogezwa mbele wakiwa wanakoroma, hakuna aliyeililia.

Ijumaa mchana waliufikia Mteremko wa Jehanamu. Malori yalikuwa yakipanda kwa kunguruma, na ukingoni palikuwa na misalaba midogo ya waliokufa. Obdulia aliushika usukani kwa mikono miwili. Akashuka kwa gia ya pili, akinong'ona sala.

"Kulia," alisema Mwalimu. "Sasa kushoto, ndefu. Usikanyage breki, iache injini ishike. Kulia tena."

"Umefumba macho?"

"Tofauti ni ndogo."

Obdulia alicheka mpaka akaogopa kuikosa kona. Mara mlima ukaisha, bahari ikatandazwa mbele yao, buluu ya kuumiza macho, na akajikuta anamweleza mumewe: mahali ilipokoza, ilipofifia, kisiwa kinachoelea mbali. Mwalimu alitaja jina la kisiwa, kisha akainamisha kichwa na kusikiliza, kama mwanafunzi.

Harusi ilikuwa kelele tupu. Prisca alivaa rangi ya machungwa na hakumwomba mtu radhi. Mezani, Librado alimuuliza Mwalimu safari ilikuwaje, naye akaieleza yote kwa maneno aliyopewa na mkewe njiani: vivuli vya alasiri kwenye mawe, tai aliyekaa juu ya mti, wekundu wa mlima. Wageni waliacha kutafuna.

"Una macho, shemeji!" alisema Librado. "Mimi nimepita njia hiyo mara mia, sikuyaona hayo."

Prisca, aliyekwisha kuambiwa habari ya macho hayo, alimgeukia dada yake, nyusi juu. Obdulia, ambaye hakuwahi kuiacha nafasi kama hiyo ya kumtania mumewe ipite, alijaza mdomo wali, akatafuna taratibu.

Jumatatu waliendelea kusini hadi La Paz. Huko palikuwa na daktari wa macho ambaye Obdulia alikuwa amepanga naye miadi kwa simu ya dakika tatu tu, bila ramani wala kamati.