Nani Aliyeleta King'ora cha Saa Sita

Mwezi wa Septemba, Mwalimu Pruett alipopitisha karatasi ya mada darasani, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari yetu ya Elmdahl walijiandikia mambo makubwa makubwa. Mmoja aliandika papa, ingawa kutoka Minnesota mpaka baharini ni siku mbili nzima za gari. Mwingine aliandika safari ya kwenda Mirihi. Brenna Skoglund aliandika maneno manne tu: "King'ora cha saa sita."

Niseme ukweli, alichagua hivyo kwa uvivu. Mradi wa utafiti ulikuwa wa mwaka mzima: kadi za maelezo hamsini, mahojiano, orodha ya marejeo, rasimu mbili, insha ya kurasa kumi na mbili, halafu mwezi wa Mei kusimama mbele ya jopo na kuitetea. Bila mradi, huhitimu. Brenna alipiga hesabu zake akaona king'ora ndicho njia ya mkato. Kila siku ya Mungu, saa sita mchana, kinalia juu ya kituo cha zimamoto, mbwa wa mji mzima wanakiitikia, na watu wanaacha kazi wanakwenda kula. Na habari ya kilikotoka aliijua tangu anaota meno, maana bibi yake, Ardith, alikuwa akiisimulia kila Krismasi.

Habari yenyewe ni hii. Zamani, katika kiangazi kikali, mkulima mmoja alipitiwa na saa akiwa shambani, akalima bila kula wala kunywa mpaka akaanguka. Baba yake bibi, Anders Lien, mfugaji mwenye moyo wa huruma, akaenda kwenye baraza la mji, akawalilia wazee wanunue king'ora ili asitokee tena mtu wa kusahau chakula chake. Bibi Ardith alipofika kwenye neno "akawalilia," na yeye alikuwa akifuta machozi.

Kwa hiyo Oktoba Brenna alikaa jikoni kwa bibi yake, akala vipande viwili vya pai, akaandika kila kitu, akakabidhi rasimu ya kwanza akiwa mwepesi wa moyo.

Ilirudi imejaa wino mwekundu. "Nani kasema?" "Mwaka gani?" "Mkulima huyu hakuwa na jina?" "Umejuaje?" Hiyo "umejuaje" ilikuwa mara saba.

"Mwalimu, si nimeandika hapo? Kasema bibi yangu."

"Nimeona," alisema Mwalimu Pruett. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, aliyeogopwa kuliko mwalimu wa mpira. "Bibi yako ni chanzo kimoja. Nimetaka kumi."

"Bibi yangu ana maneno ya watu kumi, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Hata Mwalimu Pruett alicheka. Kisha akasema, "Basi mtafutie wenzake tisa," akaendelea na mwenye papa.

Brenna alinuna mpaka theluji ya kwanza. Alipoona wenzake wameshafika kadi ya thelathini na yeye ana nne, ndipo alipokwenda ofisi ya mji, jengo dogo la matofali lililobanwa kati ya benki na kinyozi. Karani wake, Lorne Bakke, ni mtu mrefu anayeongea kana kwamba kila neno analilipia ushuru. Brenna alimweleza shida yake. Lorne aliingia chumba cha nyuma, akarudi amebeba vitabu vitatu vikubwa vya jalada la kijani, akavitua mezani, vumbi likatimka.

"Kumbukumbu za vikao," akasema. "Usile juu yake."

Mwanzoni ilikuwa adhabu. Maandishi ya mkono yaliyopinda, kurasa kwa kurasa za mitaro, leseni za mbwa na nani aondoe theluji mbele ya kanisa. Lakini siku ya tatu Brenna alijikuta anacheka peke yake. Kulikuwa na mwaka mzima ambao wajumbe waligombana juu ya bata mzinga mmoja aliyekuwa akivamia posta. Siku ya nne alisahau kurudi nyumbani mpaka Lorne alipozima taa ya kwanza, akakohoa. Akaanza kuandika kadi bila kuhesabu. Aliwahoji wazee wa zimamoto, akamhoji kinyozi, akasoma magazeti ya zamani ya mji yaliyojalidiwa kwenye maktaba. Mwenye papa, ambaye kutwa alikuwa akinakili mambo kwenye kompyuta, alimwambia, "Wewe Brenna umerogwa na vumbi."

Februari, katika kitabu cha pili, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, alikutana na king'ora.

Ulikuwa mwaka 1934. Bi Inga Tveit, mpishi wa hoteli, alifika mbele ya baraza na ombi lililotiwa saini na wanawake thelathini na wanane. Alisema saa ya benki na saa ya kanisa zinapishana dakika kumi na moja, na wanaume wa mji huu hula kwa saa inayowapendeza. Wengine wanakuja chakula hakijaiva, wengine wanakuja kimeshapoa, na wote wanalalamika. Anataka mji uwe na saa sita moja. Kura zikapigwa. Wanne wakakubali, mmoja akakataa.

Aliyekataa ni mjumbe Bw. Anders Lien. Alisema hizo ni kelele za bure, zitawashtua ng'ombe wake wakate maziwa.

Brenna aliusoma mstari huo mara tatu. Akaupiga picha kwa simu, akafunga kitabu upesi kama mtu aliyefumania jambo, akamrudishia Lorne.

"Umepata?" akauliza Lorne.

"Nimepatikana," alijibu Brenna.

Sasa hapa lazima mjue jambo moja kuhusu akina Tveit. Mama mkwe wa Verna Tveit ndiye huyo Inga. Na Verna na Bibi Ardith wamekuwa wakishindana kwa pai katika karamu za kanisa kwa miaka arobaini na tano. Wanasalimiana, wanaulizana hali ya magoti, wanaimba kwaya benchi moja. Lakini Ardith hajawahi kula pai ya Verna, na Verna hajawahi kula ya Ardith. Kumwambia bibi kwamba baba yake hakuleta king'ora lilikuwa jambo zito. Kumwambia kimeletwa na mtu wa Tveit ilikuwa kumtia kidole jichoni.

Siku nne Brenna alitembea na ile picha. Kisha akabaki darasani baada ya kengele.

"Mwalimu, mtu akipata kitu kinachoharibu insha yake, anaweza kukiacha?"

"Kinaharibu insha, au kinaharibu kitu kingine?"

Brenna akamwonyesha simu. Mwalimu Pruett alisoma, akaguna, akajizuia kucheka pale kwenye ng'ombe.

"Sitakuamulia," akasema. "Ila insha hii haijaharibika. Mpaka jana ilikuwa hadithi ya Krismasi. Leo ndiyo imeanza kuwa utafiti. Jina litakaloandikwa juu yake ni lako, kwa hiyo andika kitu unachoweza kukisimamia."

Jumapili baada ya ibada, Brenna alikwenda kwa bibi yake. Bibi alikuwa ametoa kwenye oveni bakuli la nyama iliyofunikwa viazi, akampakulia hadi ukingoni. Brenna hakugusa uma.

"Unaumwa?" akauliza bibi.

"Bibi, nimekisoma kitabu cha baraza. Babu Anders hakuomba king'ora. Alikipinga."

Bibi Ardith akakaa.

"Alikipinga kwa sababu gani?"

"Ng'ombe. Alisema watakata maziwa."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Katibu wa baraza, Bibi. Siku ile ile."

"Basi ni mwongo. Na aliyeleta ni nani?"

Brenna alitazama sahani yake. "Inga Tveit."

Kisha bibi akainuka, akachukua sahani ya Brenna ambayo haijaguswa, akakirudisha chakula kwenye bakuli, akafunika. "Mimi nimeshiba," akasema, ingawa hakuwa amekula. "Nadhani na wewe umeshiba."

Brenna alirudi nyumbani akilia ndani ya gari, madirisha yakashika ukungu. Wiki tatu bibi hakupiga simu. Brenna aliandika insha yote upya. Hakuificha hadithi ya bibi. Aliiweka mwanzoni, nzima, pamoja na mkulima asiye na jina, kisha akaonyesha hatua kwa hatua kitabu kilivyosema vingine. Alimhoji Verna Tveit pia, aliyefungua mlango kwa mshangao wa kumwona mjukuu wa Ardith kizingitini kwake. Verna alimpa kahawa na kusema, "Kumbe ndiye yeye! Mbona simshangai. Yule mama nikichelewesha viazi dakika mbili, hakuhitaji king'ora. Alikuwa king'ora yeye mwenyewe."

Siku ya kutetea miradi ikafika, mwezi wa Mei, maktaba ya shule imepangwa viti, madirisha wazi, harufu ya majani yaliyokatwa inaingia. Jopo lilikuwa la watu watatu, Mwalimu Pruett katikati. Brenna alivaa gauni la buluu la dada yake. Aliposimama aliona Verna Tveit safu ya pili, amependeza. Na safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, ameketi Bibi Ardith, mkoba mapajani, uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili.

Hata hivyo alianza. Alieleza zile saa mbili, saini thelathini na nane, kura nne kwa moja. Alipotaja ng'ombe, watu walicheka, na yeye hakuthubutu kutazama nyuma. Alimaliza. Makofi yakapigwa.

"Maswali?" akauliza Mwalimu Pruett.

Mkono mmoja ukapanda, karibu na mlango.

"Hilo la kukataa," alisema Bibi Ardith, "liko ukurasa wa ngapi?"

"Kitabu cha pili, Bibi. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili."

"Nakubali. Nimekwenda kwa Lorne nimeuona kwa macho yangu." Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akavaa miwani. "Na ukurasa wa mia mbili na kumi na tano umesema nini?"

"Sijui, Bibi. Sikuufikia."

"Ah! Hakuufikia." Bibi aligeukia watu wote kama wakili. "Kurasa tatu mbele, na hakufika. Basi niwasomee watu, maana mimi nimeandika kwa mkono wangu, na Lorne amesimama pembeni ananiambia nisile. 'Bw. Lien, kwa kuwa hupita mjini kila siku na maziwa yake, anapewa kazi ya kubonyeza king'ora saa sita.' Mnasikia? Na mwezi uliofuata: 'Bw. Lien anaonywa. King'ora kimelia kabla ya saa sita mara tatu wiki hii. Bw. Lien amejibu kwamba alikuwa na njaa.'"

Maktaba ililipuka. Verna Tveit alicheka mpaka akashika kiti cha mbele yake. Mjumbe mmoja wa jopo alivua miwani akafuta macho. Bibi Ardith alisimama wima kelele zile zikimpita, na midomo yake ilianza kutetemeka, Brenna akadhani analia. Hakuwa analia.

"Huyo ndiye baba yangu," akasema alipopata pumzi. "Huyo namjua. Yule wa kulilia wazee, sasa nikifikiri, sikuwahi kumwona hata siku moja."

Mwalimu Pruett aligonga meza kwa kalamu. "Brenna, hoja ya mtazamaji ni nzito. Una mpaka Jumatatu kuongeza ukurasa. Na chanzo lazima kitajwe."

"Kitajwe jina langu," akadakia bibi.

Jumamosi ile waliandika pamoja jikoni, Brenna akipiga chapa, bibi akiamuru. Walibishana juu ya kila nukta. Bibi alitaka ng'ombe watolewe kwa heshima ya familia, Brenna akakataa. Bibi alitaka saini za wanawake ziitwe "chache," Brenna akamsomea namba. Ilipofika orodha ya marejeo, bibi alikasirika kuona ameandikwa "Skoglund, Ardith," ukoo mbele kama mshtakiwa, ikabidi aelezwe kwamba hata maprofesa huandikwa hivyo. Hapo akalainika, akaomba aongezewe nakala moja ya kumpelekea dada yake aliyeko mji wa Fargo.

Insha ilipata tisini na tatu kwa mia. Alama saba zilikatwa, aliandika Mwalimu Pruett, kwa sababu mtafiti alifunga kitabu mapema. Brenna alihitimu wiki mbili baadaye, kofia ikimkaa upande, na kwenye karamu ya uani Verna Tveit alikuja na pai yake. Ardith aliikata kipande chembamba kama wembe, akala.

"Unga wake mzuri," akasema. "Ndani sukari nyingi."

"Na yako wewe ndani kavu," alijibu Verna, akivuta kiti karibu naye.

Siku hizi, kila Alhamisi asubuhi, ukipita ofisi ya mji utamkuta Bibi Ardith ameinama juu ya kitabu cha tatu, kalamu sikioni. Amefika mwaka 1951. Anasema kuna jambo la akina Bakke, ukoo wa Lorne, humo ndani, na Lorne mwenyewe ameanza kumpa kahawa bila kuombwa.