Bastola Iliyoombewa

Jumamosi ile ushirika ulikuwa kwa Maurice na mkewe Wairimu, Inver Grove Heights, huko ughaibuni, na chapati zilitosha hata za kufungiwa watu waende nazo. Gari jipya la mshirika mwenzao Kasika lilikuwa limeombewa nje kwenye theluji, haraka haraka, mikono ikiwa ndani ya glavu. Waliporudi sebuleni Maurice akaingia chumbani, akatoka na bastola aliyoinunua baada ya kuvunjiwa kioo cha gari. Kama gari linaombewa, akasema, basi na hii iombewe.

"Ina risasi?" akauliza Mzee Zachariah, kiongozi wao.

"Iko empty, Mzee."

Alikuwa amechomoa magazini, kile kikasha cha risasi, na kuiweka kando ya birika. Ndani ya chemba, ambamo risasi moja huweza kubaki, hakuchungulia. Ati achungulie nini, na magazini ile pale?

Wakaiwekea mikono. Mzee Zachariah aliomba kwa kirefu, na watu walipoitikia amina, kidole cha Maurice nacho kikaitikia.

Mlio ulipasua masikio. Risasi ilitoka, ikapita katikati ya mikono yote ile, ikapunguza mwendo. Ikakatiza juu ya meza kama mtu aliyebeba sinia la chai. Kasika akainamisha shingo kuipisha, nayo ikaelekea jikoni. Mzee Zachariah akasema maombi yamejibiwa. Watu wakapiga makofi, chai ikamiminwa.

Tangu hapo risasi inaishi nao. Ikifika ukutani hugeuka na kuendelea na safari zake, sebuleni, koridoni, chumba cha mtoto. Wairimu aliitegea sufuria, ikatoboa sufuria. Akaitegea godoro, ikatoboa godoro. Brandon, fundi aliyekuja kutengeneza hita, aliinama ikapita, akasema hii yenu mbona iko chini; ya dada yake kule Eden Prairie hupita karibu na dari.

Kuwa chini ndiyo ilikuwa shida. Lynette, binti yao, ana miaka sita, na anarefuka kila ukigeuza macho. Krismasi risasi ilipita juu ya kichwa chake ikaacha nafasi ya kiganja. Kufika Pasaka ilimkata kifundo kimoja cha nywele akiwa amesimama anatazama katuni. Hakulia. Alisema tu, kwa Kiingereza, kwamba nywele zake zisifungwe juu tena.

Aliyelia ni Wairimu. Aliogopa, na alikuwa na hasira iliyomnyima hata hamu ya kula. Yeye ni nesi katika makao ya wazee huko Saint Louis Park, na kazini husoma jina kwenye utepe wa mkononi wa mgonjwa kabla ya kila kidonge, hata kama ni mgonjwa aliyemwogesha miaka mitatu. Akirudi nyumbani anaikuta bastola juu ya friji.

"Baba Lynette, ifungie mahali. Na kila ukiishika, ifungue uchungulie ndani, hata kama umetoka kuchungulia sasa hivi."

"Mbona unajihangaisha hivi? Si uliona Mungu aliishika?"

"Alishika moja."

"Basi."

Wairimu akamwambia atamchukua mtoto wakakae kwa Lois, mwenzake wa kazini. Maurice akacheka. Kwa Lois zinapita mbili.

Mwezi Mei zamu ya ushirika ikarudi kwao, na walikuwepo wageni ambao hawajausikia ushuhuda wa risasi. Wee, na Maurice anavyoupenda ushuhuda huo! Akaileta bastola mezani, akachomoa magazini.

"Umechungulia?" Wairimu akauliza mbele ya watu wote, jambo ambalo mama mwenye nyumba hamfanyii mumewe ushirikani.

Mtu akakohoa.

"Mama Lynette, imani," Mzee Zachariah akasema kwa upole.

Watu wakanyoosha mikono na kufumba macho. Risasi ile ya zamani ilikuwa inapita, wakainama kidogo, wakainuka.

Lynette hakungoja kuambiwa. Aliingia chini ya meza, akakunja magoti, akafunika kichwa kwa mikono kama wanavyofundishwa shuleni kujikinga na risasi. Kisha akavuta gauni la mama yake na kumwambia, kwa Kiingereza, kwamba nafasi iko.

Wairimu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaweka birika, akapiga magoti, akaingia na gauni lake la ibada, akamfunika mwanawe. Juu yao Maurice alikuwa anawaambia wageni iko empty, wasiogope, waguse tu.