Pikipiki ya Owino Haitoki Hapa

Miaka tisa nilisimama kwenye kaunta ya spea katika kampuni moja ya pikipiki Industrial Area, Nairobi, na katika miaka hiyo mameneja watatu waliniambia neno lilelile: "Mwelu, wewe mwanamke na grisi wapi na wapi?" Jioni mzee Nalianya, fundi mkuu, alinifunulia injini na kunifundisha mlango ukiwa umefungwa, utadhani tunaiba. Siku aliyostaafu niliomba kazi yake. Hawakukataa hata, walicheka! Nikavua koti lao la kijani, nikaliacha juu ya kaunta, nikatoka bila kuaga mtu.

Ndivyo nilivyofungua duka soko la Jericho, mwaka wa tisini na sita. Kibanda cha mabati, mlango mmoja, na bango nililoandika mwenyewe: PIKIPIKI YAKO INAWEZA KUKIMBIA ZAIDI. Watu walisoma, wakacheka, wakaenda zao. Lakini nilijua ninachosema. Pikipiki nyingi huja zimepimiwa hewa nzito ya pwani, na Nairobi iko juu, hewa yake nyepesi, basi injini inabugia petroli ambayo haiwezi kuichoma yote. Inatoa moshi, inakohoa, mwenyewe anadhani imezeeka. Imezeeka wapi! Badilisha kile kijitundu cha shaba ndani ya kabureta, tengeneza upya bomba la moshi, halafu uone kama hutashikilia kofia yako.

Kibanda niligawana na mjomba wangu Wathome, ambaye huchonga twiga na vifaru wa kuwauzia watalii. Mwanga wa kuchongea uko mlangoni, kwa hiyo akakaa mlangoni, na mimi nikakaa nyuma na injini zangu. Basi kila mteja aliyekuja alimsalimu yeye. "Fundi, habari ya kazi?" Na mjomba alilipenda hilo jina, jamani! Aliguna, akatikisa kichwa, akasema, "Iache, tutaiangalia." Halafu ananisukumia mimi kule nyuma. Nilinyamaza. Kazi ilikuwa inaingia, na ningemwambia nini ndugu wa mama yangu, aliyenisomesha kwa jasho la hao twiga? Nilijidanganya kwamba nitasema wateja wakishaizoea kazi yangu.

Kisha akaja Sylvance Owino. Huyu alikuwa akipeleka vifurushi mjini kwa pikipiki ya ofisi, na waendeshaji wote wa vifurushi walimsikiliza yeye. Akisema duka ni zuri, wangekuja wote. Akisema ni bure, ningefunga na kurudi kuomba msamaha kwenye ile kaunta, na heri nife. Alikuwa amenunua pikipiki ya mashindano kutoka kwa mzungu aliyekuwa akihama, na alitaka kushindana nayo Jumapili. Ilikuwa ya aina ambayo oili lazima ichanganywe na petroli ndani ya tangi. Ile ya ofisi haikuwa hivyo, na hii alikabidhiwa tangi likiwa limeshachanganywa, kwa hiyo hakulijua hilo.

Niliishughulikia siku nne. Jumamosi asubuhi nikaenda soko la Gikomba kutafuta bomba la kazi nyingine, nikamwambia mjomba, "Owino akija, asiichukue mpaka nirudi nimweleze."

Niliporudi saa sita nilikuta umati mlangoni. Owino alikuwa ameishika pikipiki yake huku jasho linamtiririka, amesimama mbele ya mjomba.

"Fundi, umeniua!" alikuwa akipiga kelele. "Nimefika Makadara tu, gurudumu likajifunga, manze, nusura niache meno kwenye lami! Nimeisukuma mpaka hapa!"

Nilipenya, nikafungua tangi, nikachovya kidole, nikanusa. Petroli tupu.

"Oili uliweka kiasi gani?" nikamuuliza.

"Si nilimuuliza fundi?" Akamnyooshea mjomba kidole. "Akaniambia weka petroli tu, mengine ameshamaliza."

Mjomba alikuwa akitazama kifaru wake. Hakujua jibu, na aliona aibu kusema hajui. Damu ilinichemka. Nilimkasirikia yeye, na nilijikasirikia mwenyewe zaidi, kwa maana ni mimi niliyemwacha avae jina lisilo lake miezi yote hiyo kwa sababu lilituletea wateja. Sasa ningesema nini? Nikimwambia Owino ukweli mbele ya soko zima, mzee wangu angechekwa hadi anazikwa. Nikinyamaza, duka lingekufa na mimi nimejificha nyuma ya pazia.

"Fundi ni mimi," nikasema.

Wee! Walicheka mpaka Phelister, muuza samaki, akaacha jiko lake kuja kuona. "Ndiyo maana imekufa!" mmoja akadakia. Hebu ona watu. Sifa zote zilikuwa za mjomba, lakini lawama ilinipata mara moja, wala hakuna aliyeuliza kama kweli ni mimi.

"Ndiyo, ni mimi. Nilikutengenezea mimi, na duka ni langu. Hukuelezwa ulivyopaswa kuelezwa, basi kosa ni langu pia. Owino, lete hiyo pikipiki."

"Hapana, madam. Naipeleka kampuni."

"Ipeleke! Watakwambia ununue injini mpya, na utaingoja itoke ng'ambo hadi Krismasi. Au nipe mpaka saa kumi. Isipowaka, chukua spana zangu zote, na sanduku lake."

Alizitazama zile spana. Alijua bila hizo sina duka. "Saa kumi," akasema.

Sikuipeleka nyuma. Niliiweka palepale mlangoni, juani, kila mwenye macho aone, nikaketi chini kwenye gunia na kuifungua. Kama nilivyodhani, pistoni ilikuwa imekauka na kuing'ang'ania silinda, ikaacha michirizi, lakini silinda yenyewe ilikuwa chuma kizuri na haikuwa imepasuka. Niliisugua mpaka ikang'aa. Ringi za akiba, zile pete za kuvika pistoni, nilikuwa nazo. Iliyobaki ni pistoni, nayo ilitaka msasa laini kuliko wangu.

Mjomba akainuka.

"Msimseme huyu mtoto," akasema. "Aliniambia nisiitoe pikipiki, nikaitoa. Niliulizwa kitu nisichokijua, nikajifanya najua. Mimi plagi yenyewe sijui inakaa wapi. Mimi nachonga twiga."

Walicheka, lakini si kwa ubaya. Akaketi kando yangu kwenye gunia, akachukua msasa wake laini kabisa, akanyoosha mkono. "Nionyeshe pa kusugua, usinieleze mengi." Nikamchorea kwa kalamu. Haki ya Mungu, mkono ule ulijua msasa kuliko mimi. Aliipapasa ile pistoni taratibu mpaka mikwaruzo yote ikaisha, na mimi nikaivika ringi mpya.

Saa kumi kasorobo nikachanganya oili na petroli mbele ya Owino, nikamwonyesha kipimo mara mbili. Nikapiga teke la kwanza. Kimya. La pili, ikakohoa. Mtu nyuma yangu akaanza kuhesabu spana zangu kwa sauti, mshenzi yule. La tatu ikanguruma, mabati ya kibanda yakatetemeka, na watoto wakaziba masikio.

Owino akaruka juu yake, akaenda nayo hadi mwisho wa barabara ya soko na kurudi. Alikuwa akicheka peke yake.

"Aisee!" akasema. "Haijawahi kuvuta hivi!"

"Usiikaze leo, ringi ni mpya," nikamwambia. Kisha nikazima, nikachomoa ufunguo, nikaufumba mkononi. "Jumapili wakikuuliza nani aliitengeneza, utasema nani?"

"Nitasema ni fundi wa Jericho."

"Ana jina."

Akawatazama wenzake waliokuwa wamekusanyika. Akakuna shingo. "Mwelu," akasema polepole.

"Ala! Ulipokuwa unatukana ulisikika hadi Makadara. Sasa unanong'ona?"

"Madam, nipe ufunguo, nimechelewa."

"Haitoki hapa."

Alinitazama, akaona sitanii. Akajaza mapafu. "Mwelu!" akapiga kelele. "Fundi wangu ni Mwelu!"

Nikampa ufunguo.